Vuli Tuliyomlilia Bai Delcho

15 Septemba

Shule zimefunguliwa leo. Watoto wamepita chini ya dirisha la maktaba na maua ya walimu wao, na binti wa mwoka mikate akakumbuka kunipandia ngazi, nami nikapata yangu: matatu, mekundu, yamefungwa kwa uzi wa kushonea. Kina, anayefagia jumba hili lote, maktaba juu na ukumbi chini, aliyahesabu kabla sijanyoosha mkono.

"Matatu. Afadhali. Mwaka jana huyu huyu alikuletea mawili, nikasema mtoto huyu anatuzikia mkutubi mchana kweupe."

Hapa Dolni Yavor hata mtoto wa chekechea anajua kwamba maua ya aliye hai huwa witiri, na ya kaburini ndiyo huwa shufwa. Nimeyaweka kwenye chupa ya achari mezani. Nashukuru, maana siku yenyewe iliharibika baada ya hapo.

Meya alikuja mchana. Rangel nilimjua tangu anavaa kaptula, na hata wakati huo alikuwa akizunguka mbuyu kabla ya kusema jambo.

"Veva, mimi si adui wa vitabu," alianza.

Mtu akianza hivyo, fungia kuku wako.

"Haya, endelea."

"Kuni za mwaka huu hazitoshi. Kuna shule, kuna zahanati. Huku juu nikipita namkuta nani? Wewe, na yule mzee wa garimoshi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tusubiri sikukuu ya Mtakatifu Dimitar. Baraza linakaa siku hiyo. Watu wakiwa wanakuja, jiko litawashwa. Wasipokuja, vitabu vinaingia kwenye maboksi vinapelekwa mjini mkoani, na wewe unapumzika. Umechoka bwana, dada Veva."

Siku ya Mtakatifu Dimitar, mwisho wa Oktoba, ndiyo siku ambayo tangu enzi za babu zetu wachungaji waliachishwa kazi waende makwao. Rangel alinikumbusha hilo huku akicheka. Mimi sikucheka. Nimeishi na vitabu hivi muda mrefu kuliko nilivyoishi na mume wangu, Mungu amsamehe, na vitabu havijawahi kunikoromea.

16 Septemba

Nimepanga ratiba ya vuli. Siku ya kusoma uani, saa ya hadithi kwa watoto, na jioni moja kubwa ya kufungia, mkesha wa Mtakatifu Dimitar. Sijui nani atazungumza jioni hiyo. Kina amesoma ratiba, akarudisha karatasi.

"Watu hawafuati vitabu, Veva. Watu wanafuata harufu."

20 Septemba

Hakuja mtu. Bai Delcho alikuja, lakini Bai Delcho si mtu, ni fanicha.

Bai huyu, kama tunavyowaita wazee wa kiume hapa, alikuwa dereva wa garimoshi kwenye ile reli nyembamba ya milimani, mpaka reli ikang'olewa. Tangu hapo ana kiti chake karibu na jiko letu, jiko liwake lisiwake. Anajifunika gazeti la jana na kupenga kamasi kama anayeomba njia kwenye makutano. Hajaazima kitabu hata kimoja.

21 Septemba

Mvua. Fanicha imekuja mapema.

27 Septemba

Kina alikuwa sahihi, na nitamwambia siku nikiwa na nguvu za kuvumilia furaha yake.

Tulichoma pilipili hoho uani. Msimu huu kila nyumba inachoma za kusaga na kuweka kwenye chupa za majira ya baridi, basi tukasema: leteni zenu, sufuria kubwa lipo, moto upo, na Veva atawasomea. Walikuja wanawake wa mtaa mzima na magunia yao. Moshi ulitutoa machozi, mikono yetu ikawa myeusi, nami nikasoma hadithi ya mjane na jirani yake nikiwa nimesimama juu ya kreti. Nilipofika pale mjane anapomfungulia jirani mlango, mke wa mwoka mikate akapiga kijiko kwenye sufuria.

"Asimfungulie! Mjinga huyo!"

"Mwache afungue," Kina akamjibu. "Wewe wako ulimfungulia dirisha kabisa."

Waliazima vitabu kumi na viwili, vyote sasa vina alama za vidole vya pilipili. Sijawahi kuona uchafu mzuri namna ile. Nashukuru kwa Kina na mdomo wake.

3 Oktoba

Mvua. Watu watano.

4 Oktoba

Mvua. Wawili, na mmoja aliuliza kama tunauza betri.

9 Oktoba

Saa ya hadithi kwa watoto. Walijaa mpaka kwenye ngazi. Nikafungua kitabu, umeme ukakatika. Giza, mvua inapiga vioo, watoto wakaanza kulia mmoja baada ya mwingine. Mimi napapasa droo natafuta mshumaa, mara nasikia kutoka pembeni mwa jiko: fuuu! Fuuu! Kisha mguu unapiga sakafu, taratibu, halafu haraka.

"Tulieni abiria," ikasema sauti ya Bai Delcho. "Tumeingia kwenye handaki. Handaki hili ni refu, na humo ndani siku moja nilimkuta dubu. Nani anataka kujua dubu alikuwa na tiketi au hana?"

Umeme uliporudi wakamwambia auzime.

Nimekaa na mtu huyu chumba kimoja kwa miaka nikimhesabu pamoja na viti. Naona haya kuandika, lakini nimefurahi kuliko nilivyoona haya.

10 Oktoba

Nimemwomba awe mgeni wetu jioni ya kufungia.

"Niseme nini mimi? Niliendesha, likaenda. Nikashika breki, likasimama."

"Sema hivyo hivyo. Ongeza dubu."

Alikunja gazeti, akalikunjua. Kisha akauliza, bila kuniangalia, kama tangazo litafika Vishnitsa.

Vishnitsa ni kijiji cha ng'ambo ya kilima, na huko anaishi dada yake Stanka. Hawajasemezana miaka kumi na mmoja. Chanzo ni mti wa jozi aliopanda mama yao: Delcho aliukata kwa sababu matawi yalikuwa yanavunja paa, na hakumuuliza dada yake. Stanka alisimama barabarani akatamka mji mzima ukisikia: "Nitavuka kizingiti chako siku ya maziko yako, si kabla!" Na Stanka ni mtu wa kutimiza neno. Damu nzito kuliko maji, lakini ya hawa wawili imeganda kabisa.

"Litafika," nikamwambia. Hata sikujua kwa njia gani.

15 Oktoba

Bai Delcho ameniletea picha yake, kijana, na kofia ya reli, macho yanatazama mbali. Ndiyo picha pekee aliyopenda. Kisha ameaga. Anapeleka plamu zake zilizochachuka kwenye mtambo wa rakia, ile pombe kali ya matunda, kule mtoni, na foleni mwaka huu ni ya siku nyingi, wanaume wanalala hapo hapo karibu na moto wakilinda zamu. Amesema atarudi jioni yenyewe ya kufungia, moja kwa moja ukumbini.

16 Oktoba

Koo linaniuma. Printa imeishiwa wino wa rangi, umebaki mweusi tu. Picha ilitoka imepauka, Kina akasema inaelea kwenye karatasi, tuizungushie mstari. Nikamwambia, zungushia. Jina lake kwa herufi kubwa chini ya picha, chini kabisa kwa herufi ndogo ndiyo habari ya mazungumzo. Kina atayabandika matangazo yeye. Mimi naenda kulala.

17 Oktoba

Homa.

19 Oktoba

Homa. Kina ameleta supu ya kuku. Anasema amebandika pote palipokuwa na nafasi: kwenye lango la kanisa, kituo cha basi, ule mti mbele ya duka la mikate, na moja kwenye geti la Bai Delcho mwenyewe, kwa heshima yake. Nimemshukuru. Nilikuwa nimefumba macho.

22 Oktoba

Nimesimama kwa miguu yangu. Nilikwenda kununua mkate na kila mtu alinishika mkono.

"Pole sana, Veva," mwoka mikate aliniambia. "Najua mlivyokuwa mnakaa pamoja kila siku."

Nikadhani anasema juu yangu na maktaba, kwamba wote wameshajua baraza litaamua nini. Karibu nilie dukani. Nikamwambia bado kuna matumaini. Alinitazama kwa huruma nyingi akanipa mkate bure.

"Jioni ya tarehe ishirini na tano mtakuja?"

"Tutakosaje?" akasema. "Mke wangu ameshaloweka ngano."

Sikuelewa ngano ya nini. Nikaona ni maneno ya watu wa tanuri.

24 Oktoba

Hata mke wa meya ameuliza saa. Sijawahi kuona mji mzima unangojea mazungumzo ya reli kwa uso wa huzuni namna hii. Nina wasiwasi na furaha kwa pamoja.

25 Oktoba

Ni lazima niandike yote kabla sijalala, maana kesho sitaamini.

Nilifungua ukumbi saa kumi na moja. Saa kumi na moja na nusu hakukuwa na kiti. Wamevaa nyeusi wote. Nikasema moyoni, wamependeza. Kila mmoja ameshika maua ya krisanthemu, naye mke wa mwoka mikate anagawa vikombe vya ngano iliyochemshwa, yenye sukari na jozi juu, ile tunayokula kumkumbuka marehemu. Hapo ndipo macho yangu yalipoanza kuhesabu. Maua mawili. Manne. Mawili. Sita. Ukumbi mzima hakuna mwenye maua ya witiri.

"Kina," nikanong'ona. "Uliyabandika wapi yale matangazo?"

"Si nilikwambia? Penye nafasi."

"Panapobandikwa matangazo ya misiba?"

"Sasa Veva, ubao mwingine uko wapi mji huu?"

Picha, fremu nyeusi, jina. Lango la kanisa. Na geti la nyumba yake, ambako hubandikwa tangazo la mwenye nyumba akifa. Hakuna anayesoma herufi ndogo za karatasi kama ile. Mtu huona picha, huona fremu, huvua kofia na kwenda kuchuma maua. Na mwenyewe wiki nzima haonekani mjini, gazeti lake halisomwi, kiti kitupu.

Nilipanda jukwaani kuwaambia. Sikuwahi. Rangel alikuwa ameshatangulia, tai nyeusi, kofia mkononi, na alipoanza kusema sauti ilimvunjika kweli. Sikujua kwamba baba yake alikuwa mchochea moto kwenye garimoshi la Delcho.

"Nilikuwa mdogo," alisema, "akinipandisha mbele, ananiachia nivute kamba ya honi. Miaka hii yote nimepita mlango wa maktaba nikamwona pale karibu na jiko, nikasema, huyu mzee yupo tu. Kumbe 'yupo tu' ndiyo kitu kikubwa. Nasema mbele yenu na mbele yake huko aliko: maadamu mimi ni meya, jiko la Bai Delcho halitazimika, na maktaba hii haitafungwa!"

"Mungu amsamehe!" ukumbi wote ukaitikia.

"Anisamehe kwa lipi hasa?"

Alikuwa mlangoni. Dumu la rakia begani, masizi usoni, harufu ya moshi imemtangulia. Mke wa mwoka mikate alipiga ukelele na vikombe vya ngano vikamwagika. Mama mmoja wa kwaya alifanya ishara ya msalaba mara tatu akakaa kwenye mapaja ya mtu asiyemjua. Kina aliingia nyuma ya pazia, na pazia likawa linatetemeka.

"Bai Delcho," nikasema, "samahani sana. Wamedhani umekufa."

Akaangalia maua. Akaangalia ngano. Akaangalia picha yake ukutani.

"Nilikuwa kwenye foleni ya rakia," alisema. "Ila foleni ilivyokuwa, siwalaumu."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele kama maji yaliyofunguliwa bombani. Watu walilia wakicheka, walimshikashika mikono kuona kama ana joto. Rangel peke yake alibaki jukwaani, amekunjakunja kofia.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa kuwa hali halisi imekuwa tofauti, yale niliyoyasema awali, kiutaratibu…"

"Mheshimiwa," Bai Delcho akamkata, ameshatua dumu. "Ahadi yako mpaka nife kwanza? Niambie, maana kama ndivyo, nakwenda kungoja nje."

Rangel alimtazama, na naapa niliona yule mtoto wa kaptula.

"Hapana, Bai Delcho," alisema. "Kaa ndani. Imeshasemwa."

Kisha mzee akaomba kikombe cha ngano, akala ngano yake mwenyewe kwa kijiko, akasema imezidi sukari. Akapanda akatueleza reli, handaki, dubu, na baba yake Rangel aliyekuwa anachoma soseji kwenye koleo la makaa. Tulicheka na kunywa rakia ikiwa bado ya moto. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikuwa na shukrani nyingi hivi na aibu ndogo hivi.

26 Oktoba

Mtakatifu Dimitar. Baraza limekaa muda wa kunywa kahawa moja. Jioni trekta limemwaga kuni uani, na Rangel mwenyewe alisaidia kuzipanga, kwa viatu vyake vya ofisini.

"Usiandike popote ilivyokuwa," aliniomba.

Nilimwambia siandiki.

28 Oktoba

Jiko linawaka. Bai Delcho yupo kitini na gazeti la jana, lakini ukurasa haugeuki. Nikampelekea chai ya mimea. Alikaa nayo mpaka ikapoa.

"Wamekuja watu wengi, Veva."

"Mji mzima."

"Niliwaangalia mmoja mmoja. Mstari kwa mstari, kama nilivyokuwa nahesabu abiria."

Nikajua anakwenda wapi, sikutaka afike.

"Stanka hakuja," alisema. "Hata kwa hilo hakuja."

Nimeshinda maktaba yangu na siwezi kumpa mtu huyu kitu kimoja anachokitaka. Nilikaa naye tu.

29 Oktoba

Mvua. Haongei.

30 Oktoba

Mvua. Watoto walimtaka dubu, akawaambia dubu amelala.

1 Novemba

Leo ni sikukuu ya waliotufundisha kusoma. Watoto walikuja asubuhi na taa za karatasi, tukasoma kwa zamu, wakaondoka. Theluji laini ilianza, ile ambayo bibi zetu walisema Mtakatifu Dimitar anaikung'uta kwenye ndevu zake. Tulibaki watatu: mimi mezani, Kina na ufagio, Bai Delcho nyuma ya gazeti.

Nikasikia ngazi. Hatua nzito, inapumzika kila kipandio. Akaingia mwanamke mzee, kitambaa cheusi, koti jeusi, soksi nyeusi, magoti yamelowa. Mkononi ana krisanthemu nyeupe nne. Nilimjua kwa kidevu. Ni kidevu kile kile.

"Wewe ndiye mkutubi?" aliuliza. "Dereva wa gari la mkate, wa mjini mkoani, ndiye aliyeiona karatasi kituoni akatuletea habari jana. Jana! Nimeshuka kilima kwa miguu. Nimefika nyumbani kwake nimevuka kizingiti cha geti kama nilivyosema, nimegonga mlango, hakuna mtu, karatasi imeloa kwenye geti. Kanisani kasisi hayupo. Mtoto mmoja njiani akasema nyie hapa ndio watu wake." Akainua maua. "Niambieni tu mmemlaza wapi. Nimpelekee haya. Mimi ni dada yake, na sikumzika."

Kina aliacha kufagia. Gazeti karibu na jiko lilikuwa linatetemeka.

"Stanka," gazeti likasema.

Gazeti likashuka polepole, na nyuma yake uso wa Bai Delcho umelowa machozi mpaka shingoni.

"Wewe," akasema Stanka.

"Mimi."

"Uko hai."

"Niko hai. Nisamehe."

"Nimelia kilima kizima!" akapaza sauti. "Nimekusamehe kwenye kona ya kwanza, na kwenye kona ya pili nikajilaani mimi! Mzee mzima, unakaa hapa unaota moto na soksi zangu zimelowa!"

"Njoo ukae, zikauke."

"Ule mti…"

"Nilikosea," alisema Bai Delcho. "Siku ile ile nilijua nimekosea. Kila vuli nazisikia zile jozi zikianguka kwenye paa, na mti haupo."

Stanka aliziba mdomo kwa mkono. Kisha akautazama ule mkono wake wenye maua, kama ambaye ndiyo kwanza anayaona, na uso wake ukabadilika. Akachomoa ua moja. Akabaki nalo, hajui alitupe wapi, mwisho akageuka akanipa mimi. Yaliyobaki akampelekea kaka yake, akamwekea mapajani, na akakaa kwenye kiti cha karibu na jiko.

Kina alikuwa ameushika ufagio kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka hadharani. Aliangalia mapajani mwa Bai Delcho, akaangalia mkono wangu.

"Matatu," akasema. "Na moja. Vizuri."

Nikaweka ua langu kwenye chupa ya achari, nikaenda kuongeza kuni.